Uzoefu wangu na Predict Breast: ifungue ukiwa na ripoti ya patholojia mkononi

Predict Breast ni zana ya bure ya mtandaoni kuhusu saratani ya matiti, iliyotoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2010. Unajaza taarifa za uvimbe, nayo inakuonyesha, kati ya wanawake 100 wenye hali kama hiyo, ni wangapi wanatarajiwa kuwa hai baada ya miaka 5, 10 au 15: kwanza kwa upasuaji peke yake, kisha ukiongeza dawa za homoni, kemo (dawa za kuua seli za saratani) au trastuzumab (dawa ya saratani yenye HER2 chanya).

Kujaza ni dakika chache tu, ila makosa yote nimeyaona hapo. Ukubwa wa uvimbe unaingizwa kwa milimita, na ripoti nyingi za patholojia (za maabara iliyochunguza uvimbe) huandika sentimita. Sentimita 2.5 ni 25. Ukiandika 2.5, uvimbe unakuwa kama punje na faida ya kemo inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwenye matezi ya kwapani, 2/14 maana yake yametolewa 14 na saratani imekutwa kwenye 2, kwa hiyo jaza 2. HER2 (protini kwenye seli za saratani) ya 3+ ni chanya; ya 2+ bado haijaamuliwa, subiri kipimo cha FISH (kinachoangalia jeni ya HER2). Ki-67 (alama ya kasi ya seli kugawanyika) ikizidi 10% huhesabiwa chanya, na kama haikupimwa, chagua haijulikani. ER (kipokezi cha homoni ya estrojeni kwenye seli za saratani) ndiyo usiyoweza kuibahatisha, kwa sababu mstari mzima wa dawa za homoni unaitegemea. Kama maabara haikuipima, funga ukurasa kwanza, ukadai kipimo.

Jambo linalonisumbua zaidi kwa wagonjwa wa kwetu: zana hii ni ya mwanamke aliyeanza na upasuaji. Wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa, wakaanzishiwa kemo kabla ya kisu. Kemo ikishausinyaza uvimbe, namba za ripoti ya upasuaji si za ugonjwa ulivyoanza, na jibu litapotosha. Haifai pia kwa saratani iliyosambaa wala kwa wanaume.

Kwenye matokeo, chagua mchoro wa alama 100. Grafu za mistari huwachanganya wengi. Tazama nyongeza ya kila tiba. Tuseme upasuaji pekee ni 84, homoni zinaongeza 3, kemo 2. Hiyo 2 ndiyo ya kuzungumza na daktari bingwa: watu 2 katika 100, kwa miezi kadhaa ya dripu. Muulize pia uwezekano wa saratani kurudi, maana namba hizi zinahesabu walio hai tu.