Nusu ya pasipoti: mfumo wa kuhifadhi nyaraka ulivyonitia aibu

Huwa siandiki maoni ya huduma, ila hili limenikaa kooni.

Napeleka wageni Kilimanjaro, ofisi yangu iko Moshi. Asubuhi moja kiongozi ananipigia kutoka lango la Machame: "Dada, mgeni kasahau pasipoti hotelini, nirushie nakala." Nafungua mfumo. Picha inakuja nusu! Juu uso wa mgeni mpaka kidevuni, chini kijivu kitupu. Ile mistari miwili ya mwisho yenye namba haipo. Nafungua ya mgeni wa pili, kijivu. Ya tatu, kijivu. Mikono ikaanza kutetemeka.

Nikawapigia waliotujengea mfumo. Kijana aliyepokea hata salamu hakuitikia vizuri. "Mama, skana yako mbovu." Skana ipi? Wageni walinitumia wenyewe kwa WhatsApp, na kwenye simu yangu picha zilikuwa nzima kabla sijazifuta! Akakata.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma kompyuta, ndiye aliyenifumbua macho. Akapakua kumi kati ya zile zilizoharibika. "Shangazi, tazama ukubwa." Zote baiti 65,535. Zote! Kumbe walikuwa wanatia mafaili humo humo kwenye hifadhidata ya MySQL (programu ya kutunza kumbukumbu), kwenye safu ya aina ya BLOB, yaani nafasi ya kutunzia faili zima, na BLOB mwisho wake ni hizo baiti 65,535. Kinachozidi kinakatwa. MySQL ya siku hizi ingelikataa faili na kutoa kosa, lakini wao walikuwa wameuzima huo ukali wa kukataa. Ndiyo maana kila nikipakia naandikiwa kwa rangi ya kijani: "Imehifadhiwa." Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wamerekebisha, nakiri. Sasa mafaili yanakaa kwenye diski, hifadhidata inabaki na anwani ya faili tu, na yanafunguka upesi. Upande wa malipo na tarehe za safari haujawahi kuniangusha. Nilikuja hapa na nyota tatu mkononi.

Lakini hapana. Kilichokatwa hakirudi, na yule kijana mpaka leo hajasema samahani. Nyota moja. Na wewe unayetumia mfumo wao, pakua faili lako la zamani leo hii uangalie ukubwa wake.

Mimi bado naandikia wageni mmoja mmoja kuomba pasipoti upya. Mmoja kaniuliza ile ya kwanza tuliipeleka wapi. Sijamjibu.