Bati la aluminiamu na zinki: je, linaifaa mvua ya Goma?

Watazamaji wapendwa, bati hili nimelinunua Birere, hapa Goma, na muhuri wake unasomeka AZ150. Maana yake ni kwamba kila mita ya mraba ya chuma imepakwa gramu 150 za mchanganyiko wa metali, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja, yaani takriban mikroni 20 tu kila upande. Kwa uzito, mchanganyiko huo ni aluminiamu asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6.

Tazameni mchoro huu unaoonyesha mpako ulivyo ndani ukikuzwa kwa hadubini, kwa sababu ubora wa bati umo humu. Metali ilipokuwa ikipoa, aluminiamu iliganda kwanza ikajenga matawi kama ya mti, kisha zinki ikagandia katika mianya iliyobaki. Matawi hujikinga kwa utando mwembamba wa oksidi, ilhali zinki hutangulia kuliwa badala ya chuma, na ndiyo inayolinda kingo zilizokatwa na mikwaruzo midogo. Hata inapoliwa, masalia yake hunaswa kati ya matawi na kuyapunguzia maji njia ya kupita. Chini kabisa, mpako unapokutana na chuma, kuna tabaka gumu lakini lenye kuvunjika upesi. Silikoni imetiwa ili tabaka hilo lisinenepe, kwani likinenepa, mpako hupasuka bati linapokunjwa.

Sasa tuje kwetu. Moshi wa Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, hubeba dioksidi ya salfa pamoja na gesi zenye klorini na florini, na mvua inayopita humo hugeuka asidi. Zinki tupu huliwa haraka na mvua hiyo. Aluminiamu hustahimili zaidi, ila asidi ikizidi, hasa ile ya florini, utando wake huyeyuka. Kwa hiyo nalipendekeza kwa Goma kuliko bati la zinki tupu, lakini sitamwahidi mkazi wa Rusayo, karibu na volkano hiyo, miaka ile ile atakayoipata mkazi wa Bukavu.

Saruji mbichi isiliguse, maana alkali yake huila aluminiamu. Fundi naye alikate kwa mkasi wa bati, si kwa mashine ya jiwe, kwa kuwa cheche huunguza mpako na vumbi la chuma huacha madoa ya kutu. Na kabla ya kulipa, someni muhuri: AZ50 ina theluthi moja tu ya mpako huu, hata kama inang'aa vilevile.