Bango lilisema usiku wa Florence Price, tukapewa dakika 4

Naandika nikiwa bado na hasira. Shangazi kaniambia nilale kwanza ndipo niandike. Usingizi wenyewe uko wapi?

Juzijuzi, baridi ilipoanza kushika, nilikata tiketi mbili za okestra ya mji huu ninaoishi, huku katikati ya Marekani. Jina silitaji. Bango lao lilikuwa na sura kubwa ya Florence Price, mtunzi wa muziki, Mmarekani mweusi, na maandishi kwamba huu ni usiku wake. Shangazi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi. Kaimba kwaya ya usharika tangu mimi sijazaliwa, nikasema huyu lazima amsikie mama yule.

Wiki nzima nilikuwa namsimulia. Binti wa daktari wa meno wa Little Rock, Arkansas, kazaliwa 1887, kasomea muziki Boston, kahamia Chicago mwaka 1927. Ndoa ikavunjika, akabaki na mabinti wawili, akawa anapiga kinanda kwenye sinema zisizo na sauti ili mkono uende kinywani. Halafu 1933 Okestra ya Simfoni ya Chicago ikapiga simfoni yake ya kwanza, muziki mrefu wa okestra wenye sehemu nne. Kabla yake hakuna mwanamke mweusi ambaye simfoni yake ilipigwa na okestra kubwa ya Marekani.

Nilichomwahidi shangazi hasa ni sehemu ya pili ya simfoni hiyo. Vyombo vya shaba vinaimba kama kwaya, taratibu, kisha zinaingia kengele za kanisa. Mtu aliyelelewa na Walutheri wa Kilimanjaro, akaamshwa na matarumbeta alfajiri ya Pasaka, hapo huhitaji kumfafanulia kitu.

Basi, taa zikafifia, wakapiga kipande kiitwacho Juba. Hiyo ni sehemu ya tatu ya ile simfoni, kama dakika 4 hivi. Makofi. Kondakta, yule anayeongoza okestra, akainama, akatoka. Aliporudi alirudi na kazi ya mtunzi mwingine, Dvořák, nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shangazi akaninong'oneza: "Mwanangu, yule mama ndiyo basi?"

Wakati wa mapumziko nikaenda dirisha la tiketi, nikauliza kwa adabu zangu zote. Kijana yule hata macho hakuyatoa kwenye simu. Akasema kile ndicho kipande watu wanachokipenda, na ratiba ilikuwa kwenye tovuti, ningeisoma. Kisha akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kuja kusikiliza muziki wa aina hii. Mimi! Akamtazama shangazi na kitenge chake, akatabasamu. Mnakijua kile kitabasamu.

Mwaka 1943 Price alimwandikia Koussevitzky, kondakta wa Okestra ya Simfoni ya Boston, akamweleza wazi kwamba ana vikwazo viwili, uanamke wake na damu yake nyeusi. Koussevitzky hakupiga kazi yake hata moja. Mama akafariki 1953. Mwaka 2009 watu waliokuwa wakikarabati nyumba iliyotelekezwa St. Anne, Illinois, paa lake limetobolewa na mti, wakakuta humo marundo ya miswada yake, zikiwemo konserto mbili za fidla na simfoni ya nne. Karatasi zimevumilia yote hayo, halafu nyie mnakata kipande kimoja na kuchapisha bango? Chicago ya 1933, na ubaguzi wake wote, iliipiga simfoni nzima.

Nyota moja.

Ila nisimnyime mtu haki yake. Ile Juba waliipiga vizuri mno. Asili yake ni uchezaji wa watumwa, wa kupiga makofi, mapaja na vifua na kukanyaga sakafu, na Price kauhamishia mdundo wenyewe kwenye fidla. Ilipokolea, shangazi akaanza kugonga paja. Bibi mmoja wa kizungu pembeni akamgeukia, nikajua leo tunaaibishwa, kumbe na yeye mguu unamcheza. Kwa hilo nyota tatu, hata nne.

Hapana, narudisha moja. Kama wanaweza kupiga vile, kilichowazuia sehemu tatu zilizobaki ni nini? Laiti wangekuwa wabovu ningelala.

Kwenye basi la kurudi niliitafuta sehemu ya pili kwenye simu, tukagawana spika za masikioni, moja yeye, moja mimi. Kengele zilipoingia shangazi akaniambia ninyamaze, na wala sikuwa nimesema kitu.