Forbidden Dream: tafuteni ile ambayo haijatafsiriwa

Wadau wa muvi za Kikorea naombeni niongelee hii Forbidden Dream, ni ya 2019 ila mi nimeipata juzi juzi tu, na nimeiangalia mara mbili ndani ya wiki moja na ilikuwa kama nimeangalia muvi mbili tofauti kabisa.

Mara ya kwanza niliwekewa kwenye flashi hapa Buzuruga, Mwanza, ile iliyotafsiriwa, yaani mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya muvi. Nikaiangalia nikaona ya kawaida, mfalme, mawaziri, fitina, mtu anachapwa, basi. Halafu jirani akanipa ile yenyewe, Kikorea kitupu na maandishi ya Kiingereza chini, nikaenda nayo Igombe kwa baba mdogo jumamosi maana yeye anapenda sana mambo ya wafalme. Kiingereza hasomi kwa hiyo nikawa namsomea taratibu. Hapo ndo nikajua nilikuwa nimenyimwa muvi yote.

Stori yenyewe ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Mfalme Sejong alitawala Joseon, ndo Korea ya zamani, kuanzia 1418 mpaka 1450, na alikuwa na fundi wake anaitwa Jang Yeong-sil aliyezaliwa mtumwa wa serikali. Mtumwa kabisa jamani, mali ya ofisi. Mfalme akaona mikono yake inajua kazi akamtoa utumwani akampa cheo, mawaziri roho zikawauma. Sejong kachezwa na Han Suk-kyu, Jang kachezwa na Choi Min-sik, hawa wawili walishacheza pamoja kwenye muvi ya Shiri ya 1999 na inaonekana wamezoeana, maana kuna sehemu hawasemi kitu wanaangaliana tu na wewe unaelewa kila kitu.

Sasa kilichonishika mimi ni ile hoja ya saa na mbingu. Korea walikuwa wanatumia kalenda ya China, na kalenda hiyo ilipigiwa hesabu kwa mbingu ya kule kwa mfalme mkuu wa Ming, ukoo uliokuwa unatawala China enzi hizo, sio mbingu ya Hanyang ambayo leo ndo Seoul, kwa hiyo mambo hayaendani. Sejong anataka watu wake wawe na saa yao. Baba mdogo alielewa kabla sijamaliza kumsomea, akasema si ndo kama mwezi wa Ramadhani, redio ya Dar inaadhini watu wanafuturu na sisi huku Mwanza jua bado linaonekana juu ya ziwa, unasubiri karibu nusu saa nzima. Ni hivyo hivyo. Na kwa Ming kusoma mbingu ilikuwa kazi ya mfalme wao peke yake, nchi ndogo ikijitengenezea vyombo vyake vya kupimia nyota ni kama imeasi. Ndo maana kwenye muvi vile vyombo vinaleta kesi kubwa, na ukishalijua hilo kila ugomvi wa mawaziri unaeleweka.

Ile saa ya maji Jang aliikamilisha 1434. Maji yanadondoka kidogo kidogo kwenye chombo, boya linapanda, likifika juu linasukuma golori, golori inabingirika inaangusha nyingine kubwa zaidi, mwisho kisanamu kinagonga kengele chenyewe bila mtu kukishika. Mi nimefanya kazi gereji miaka minne na nilivyoona zile golori nilisimamisha nikarudisha nyuma, mtu kabuni kitu hicho hakuna umeme hakuna betri!

Lakini sehemu ya kuangalia kwa utulivu ni ile ya nyota. Mfalme anatamani kuona nyota na mbingu imefunga, mawingu tupu. Jang anachukua wino anapaka karatasi za dirisha zote zikawa nyeusi, anatoboa matundu madogo, taa zinawekwa nyuma yake, na mfalme akiwa chumbani anaona mbingu nzima. Nilivyonyanyua macho baba mdogo hajasema kitu. Huyu mzee kavua dagaa zaidi ya miaka ishirini, enzi zile za karabai kabla ya hizi taa za sola, na nyie wa Igombe na Kayenze mnajua usiku wa giza ukikaa ufukweni taa za wavuvi zinavyotandaa kule ziwani mpaka hujui maji yameishia wapi na mbingu imeanzia wapi. Baadaye akasema tu, "Rudisha hapo kwenye karatasi." Nikarudisha. Kwenye ile iliyotafsiriwa sehemu hiyo hiyo mtafsiri anaongea mwanzo mwisho, anaelezea kitu ambacho unakiona kwa macho yako, ule ukimya wote umeuawa. Iliniuma kiukweli, maana mwenye muvi aliuacha makusudi.

Kasoro zipo. Katikati inavuta sana, mawaziri ni wengi, ndevu zile zile kofia zile zile, nilikuwa nawachanganya mpaka karibu na mwisho. Wanawake kama hawapo kabisa. Na suala la mfalme kubuni herufi, hizi hizi ambazo Wakorea wanaandikia mpaka leo, zilikamilika 1443 zikatangazwa rasmi 1446 ili mtu wa kawaida asome bila kuteseka na herufi za Kichina, limekuja kwa kuchelewa na linapita haraka, mi nilitaka lipewe muda zaidi.

Mwisho sisemi. Ila mjue kumbukumbu za kule zinasema 1442 kile kiti cha mfalme cha kubebwa mabegani kilivunjika, Jang ndo alikuwa msimamizi wa kukitengeneza, akahukumiwa viboko 100 mfalme akapunguza vikawa 80, na baada ya hapo Jang hatajwi tena popote. Mtu aliyetengeneza saa ya nchi kapotea hivyo. Waandishi wa muvi wamejaza hilo pengo kwa kubuni, mi nimekubali walivyojaza, baba mdogo amekataa, anasema mfalme asingekubali, tumebishana mpaka chai imepoa.

Ni ndefu, saa mbili na dakika kumi hivi, iangalieni usiku kukiwa kimetulia. Na mkienda kuwekewa kwenye flashi mwambieni kabisa mnataka ile ambayo haijatafsiriwa, na kabla hamjaondoka dukani ifungueni hapo hapo muone yale maandishi ya chini yanaendana na mdomo, maana ukishafika nyumbani Igombe kurudi mjini ni nauli nyingine.