Mto wa kilo moja na nusu, bili ya kilo saba na nusu

Mama yangu yuko Arua na shingo inamsumbua, basi nikamwagizia mto wa povu kutoka duka moja la mtandaoni la Marekani. Bei dola 45, na chini yake maandishi manene: usafirishaji bure. Nikalipa mbiombio.

Bure hiyo iliishia kwenye ghala la wakala wa kusafirisha mizigo, hukohuko Marekani. Kutoka ghalani hadi Kampala unalipa wewe. Wakala wangu (simtaji, bado namtumia) anatoza dola 12 kwa kilo. Mto una kilo moja na nusu, kwa hiyo nilitenga dola 18 na chenji ya soda. Ankara ikaja: usafirishaji dola 90, ushughulikiaji dola 8, kodi kando.

Nikaenda ofisini kwao nimefura. Binti wa kaunta hakubishana. Alichukua futikamba akapima boksi mbele yangu: sentimita 60 kwa 40 kwa 15. Akazidisha, akagawa kwa 5,000, ikatoka 7.2. Kisha hupandisha hadi nusu kilo inayofuata, ndiyo 7.5. Kati ya uzito wa mizani na huo wa vipimo, wanatoza ulio mkubwa. "Kaka, boksi lako limekalia nafasi ya mtu mwingine kwenye ndege," akaniambia.

Hilo nalikubali. Hata konda wa basi la Arua haweki godoro kwenye mizani. Analitazama tu, anataja bei. Lakini kwa nini hesabu hiyo haimo popote kwenye ukurasa wao wa bei? Pale kuna "dola 12 kwa kilo" tu, basi.

Na ushughulikiaji je? Nilipombana, akasema ni kupokea kifurushi, kukagua risiti, kubandika lebo na kukihifadhi. Hutozwa kwa kifurushi, kiwe cha soksi au cha sufuria. Maana yake vifurushi vitatu ni dola 24, na vikiunganishwa ghalani kuwa kimoja ni dola 8. Huduma ya kuunganisha wanayo, ila usipouliza hawasemi.

Shangazi naye akautaka mto kama ule. Safari hii nilimwandikia muuzaji aufyonze hewa na kuukunja. Boksi likaja sentimita 40 kwa 20 kwa 20: kilo 3.5, dola 42. Mto uleule! Ulipofunguliwa ulichukua siku nzima kufura, shangazi akadhani tumetapeliwa.

Wakala nampa nyota tatu. Mizigo yote miwili ilifika salama, na yule binti anastahili tano peke yake. Kampala hadi Arua mto wa Mama niliutuma kwa basi, halafu boda akaufikisha mlangoni, na hao walinitajia bei kabla sijatoa hela.

Mama nilipomwambia jumla, aliufungia mto kabatini. Anasema hawezi kulalia mbuzi wawili.