Kumfuatilia mbunge wa upinzani ukiwa Kisumu: zana nilizotumia na ninavyozipima

Swali linaloulizwa Kondele, Ahero au Mbale ni fupi: mbunge wetu alipiga kura gani? Kulijibu ndiko kugumu, kwa sababu maamuzi mengi ya Bunge hayabaki na jina la mtu yeyote. Mimi hutumia Hansadi (rekodi rasmi ya yanayosemwa ukumbini), muhtasari wa vikao, Mzalendo (tovuti inayofuatilia kazi za wabunge) na video za Bunge kuwafuatilia wabunge wa upande wa wachache kutoka Nyanza na Magharibi. Zote ni za bure, ukiondoa bando. Ubora wake haulingani hata kidogo, na anayeshika moja peke yake atapotoka.

Naanza na Hansadi, maana hizo nyingine nyingi huchota humo. Bunge la Taifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi, Jumatano alasiri na Alhamisi alasiri. Kikao cha asubuhi huanza saa tatu na nusu, cha alasiri saa nane na nusu. Kwa hiyo wiki ya kawaida ina Hansadi nne, si tatu. Inayosahaulika ni ile ya Jumatano asubuhi, na kwa mbunge wa upinzani ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa kikao hicho hutengewa miswada na hoja za wabunge binafsi. Ukiiruka, umeruka kazi aliyoibuni yeye mwenyewe na kubaki na kazi ya serikali aliyoijibu tu.

Faili hupatikana kwenye tovuti ya Bunge kama PDF, siku kadhaa baada ya kikao. Kwenye simu, usisome moja kwa moja ndani ya kivinjari. Pakua kwanza, kisha ufungue kwa programu ya kusomea PDF yenye kitufe cha kutafuta, la sivyo utasogeza makumi ya kurasa kwa kidole.

Sasa kutafuta kwenyewe. Usianze na jina. Majina yana vyeo vya udaktari na uhandisi, na mtu mmoja anaweza kutajwa kwa jina lake la kwanza hapa na la ukoo kule. Hansadi ya Bunge la Taifa humwandika msemaji kwa jina, halafu ndani ya mabano eneo bunge lake na chama. Tafuta basi "Nyakach, ODM" au "Saboti, ODM", mkato ukiwemo. Kila jibu linalotokea ni mara moja aliyosimama kusema. Ukiandika Nyakach pekee utaletewa kila waziri na kila jirani aliyetaja barabara ya huko. Ukimaliza, pita mara ya pili kwa jina la ukoo: hapo utawapata wenzake wanaomtaja, pamoja na orodha za kura, ambazo si za kutegemea mabano hayo. Seneti ina mtindo wake, hutanguliza "Sen." na kufuatisha jina.

Tafuta kwa lugha mbili. Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na kanuni za Bunge zinamtaka anayeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa hiyo hiyo. Hansadi haitafsiri. Mbunge wa ukanda wa sukari aliyechangia kwa Kiswahili ataonekana kwa neno "miwa" na "mkulima", na atapotea kabisa kwa anayetafuta "sugarcane" pekee. Nimeona orodha za michango zilizomdhulumu mtu kwa sababu hiyo tu.

Kuna yasiyoingia humo. Kelele za pamoja huandikwa kama za "Hon. Members", na anayedakia bila kutambuliwa na Spika huwa "An Hon. Member" asiye na jina. Maneno yaliyosemwa kipaza sauti kikiwa kimezimwa hayapo. Anayejulikana mtaani kwa kupiga kelele Bungeni anaweza kuwa na ukurasa mweupe kwenye Hansadi.

Tuje kwenye kura, ambako makosa ni mengi zaidi. Njia ya kawaida ya kuamua ni kura ya sauti: Spika anauliza, wanaokubali wanasema ndio, wanaopinga wanasema la, naye anatangaza upande alioona umeshinda. Hansadi huweka mstari mmoja tu ndani ya mabano: "Question put and agreed to". Ukiuona mstari huo, acha kutafuta jina, halipo. Huwezi kusema mbunge wako aliunga mkono wala alipinga. Unachoweza kusema ni kwamba alichangia mjadala hivi au vile, ikiwa alichangia. Mabadiliko ya vifungu katika kamati ya Bunge zima hupita hivi hivi, kifungu kimoja baada ya kingine, na huko ndiko sheria hukatwa na kushonwa upya.

Majina hutokea pale tu wabunge wanapodai mgawanyiko, yaani kura ya kuhesabiwa kwa majina, na kuungwa mkono na idadi inayotakiwa, au Katiba inapodai wingi maalumu. Tafuta neno "DIVISION" au "ROLL CALL" kwa herufi kubwa, kisha "AYES" (waliokubali), "NOES" (waliopinga) na "ABSTENTIONS" (wasioegemea upande). Andika zote tatu, na uongeze safu ya nne ya wasioonekana popote. Hiyo ya nne ndiyo inayosema mengi kuliko zote. Katika mambo yanayohitaji theluthi mbili, Bunge la Taifa lenye wabunge 349 linahitaji kura 233, kwa hiyo anayebaki nje ya ukumbi ameisaidia kambi ya "la" bila kuitamka. Katika kura ya kawaida hesabu hiyo haipo, na kutokuwepo kwake hakumsaidii anayepinga.

Chukua Mswada wa Fedha wa 2024. Watu huzungumzia "ile kura", kumbe zilikuwa mbili. Tarehe 20 Juni, kusomwa mara ya pili, 204 walikubali na 115 wakapinga. Tarehe 25 Juni, kusomwa mara ya tatu, 195 walikubali na 106 wakapinga. Pande zote mbili zilipungua kwa tisa. Orodha moja haitoshi hapo: weka zote mbili sambamba uone nani alikuwa kwenye ya kwanza na hayumo kwenye ya pili. Mbunge aliyepinga mara zote mbili na yule aliyepinga mara moja halafu akatoweka si wa fungu moja, ingawa mabango yao yote yanasema "nilipinga". Kwa kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua ya tarehe 8 Oktoba 2024 kazi ni nyepesi, kwani majina yapo: 281 waliunga mkono, 44 walipinga na mmoja hakuegemea upande.

Kwa maseneta kuna mtego wa peke yake. Kifungu cha 123 kinasema katika mambo yanayohusu kaunti kila ujumbe wa kaunti, yaani maseneta wake kwa pamoja, una kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe, yaani seneta aliyechaguliwa, au aliyeteuliwa naye kupiga kwa niaba yake. Kisumu ni kura moja, Siaya moja, Vihiga moja. Seneta maalumu, yaani wa kuteuliwa, hatakuwa na kura yake katika orodha hiyo hata akikaa ukumbini kutwa. Kumlaumu kwamba hakupiga kura ni kumwonea. Msome kwa hotuba na maswali yake.

Halafu lile swali la kichokozi: upinzani ni nani? Mabano ya Hansadi hukupa chama tu. Baada ya uchaguzi wa 2022 ilikuwa rahisi, muungano wa Azimio, wenye ODM ndani yake, upande mmoja na Kenya Kwanza ya Rais upande wa pili. Julai 2024 Rais aliwateua viongozi wa ODM kuwa mawaziri, akiwemo Opiyo Wandayi wa Ugunja, aliyekuwa kiongozi wa walio wachache Bungeni. Tarehe 7 Machi 2025 ODM na UDA, chama cha Rais, wakatia saini makubaliano ya kushirikiana. Kwa hiyo "ODM" ya Mei 2023 na "ODM" ya Mei 2025 ni herufi zile zile zenye maana tofauti. Kwenye jedwali langu sina safu ya "upinzani". Nina safu mbili: msimamo wa serikali kuhusu jambo lenyewe, na msimamo wa mbunge. Zikipishana amepinga, zikilingana ameunga. Kiti alichokalia hakinihusu.

Maswali yanafuatilika vizuri kuliko kura, ila yanataka subira. Kila swali lina nambari na mwaka, na nambari hiyo ndiyo uzi wako. Unaanza kulitafuta kwenye ratiba ya shughuli za siku, ile Order Paper, kisha unathibitisha kwenye Hansadi ya siku hiyo kama liliulizwa kweli. Ratiba ni ahadi tu. Mwenye swali asipokuwepo, linaweza kuahirishwa, kufutwa au kuulizwa na mwenzake kwa niaba yake. Liandike kama lilivyo: lilipangwa, liliulizwa, lilijibiwa, kila hatua na tarehe yake. Jibu huenda likaja wiki kadhaa baadaye, mbele ya kamati au waziri anapofika ukumbini, na kama liliombwa kwa maandishi halitasomwa kabisa. Ombi la taarifa nalo si swali. Mbunge anamtaka mwenyekiti wa kamati aeleze jambo, Spika anaweka muda, na ukifika ni juu yako kutazama kama kuna kilichotokea. Kwangu mbunge anayesimama mara ya pili kudai jibu la swali lake la zamani ana thamani ya maswali kumi mapya.

Mzalendo, iliyoanzishwa 2006 na Ory Okolloh na Conrad Akunga, ndiyo njia ya mkato. Kila mbunge ana ukurasa wake, na kila mwaka hutolewa ripoti inayowapanga kwa kuzungumza kwao ndani ya ukumbi kwa mujibu wa Hansadi. Kwa kuanzia naipenda sana: dakika tano zinatosha kujua kama mtu wako ni msemaji au bubu. Alama ya namna hiyo, iwe imetoka popote, isisomwe zaidi ya ilichopima. Haihesabu kamati, na wingi wa kusimama haukuambii alisimama kwa ajili ya nini. Nenda kwenye ukurasa, chukua tarehe, rudi kwenye Hansadi.

Video za vikao kwenye YouTube ni nzuri kwa jambo moja: kuhakiki vipande vya sekunde 40 vinavyozunguka kwenye WhatsApp. Shida ni kumpata mtu wako ndani ya saa nne na nusu. Hansadi haina saa pembeni, lakini inasema kikao kilianza lini na kiliisha lini. Kama kilianza saa nane na nusu na kuisha saa moja jioni, na hotuba iko ukurasa wa 30 kati ya 60, ruka hadi saa mbili na robo hivi za video kisha sogeza kidogo mbele au nyuma. Siku za mgawanyiko hesabu hii huharibika, kwa kuwa kupiga kura kunakula muda mwingi na orodha zinakula kurasa nyingi.

Mswada wa mbunge binafsi hufuatiliwa kwa jedwali la miswada linalowekwa na Bunge, lenye tarehe za kila hatua. Mfano unaotugusa huku ni Mswada wa Sukari wa 2022, ulioletwa na Emmanuel Wangwe wa Navakholo, aliyechaguliwa kwa tiketi ya ODM. Ulipita Bunge la Taifa, ukaenda Seneti, ukarekebishwa, na Rais akautia saini Novemba 2024. Anayempima mbunge kwa sheria iliyotoka asome pia mswada ulioingia, maana haviwi kitu kimoja.

Kamati nimeziacha mwisho kwa sababu ndiko rekodi inakosumbua. Hazimo kwenye Hansadi ya ukumbi. Soma ripoti ya kamati, nenda hadi viambatisho, utakuta kumbukumbu za mikutano pamoja na waliohudhuria na ukurasa wa saini za walioipitisha ripoti. Viambatisho vingi ni picha zilizoskaniwa, kwa hiyo kutafuta neno hakuleti kitu, ni macho yako. Angalia pia kama kuna maoni ya walio wachache: mbunge aliyepinga ripoti ya kamati yake ana haki ya kuambatisha sababu zake, na hiyo ni rekodi ya upinzani iliyo nzito kuliko hotuba.

Kinachokosekana kinaombwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (Ombudsman), ambayo ina ofisi Kisumu. Nakala ya Hansadi kwenye tovuti ni ya kujulisha tu, imeandikwa hivyo chini ya kurasa zake; ukitaka ya kupeleka mahakamani, omba iliyothibitishwa na ofisi ya Hansadi. Katika barua taja tarehe, kikao cha asubuhi au alasiri, na nambari ya swali au mswada. Ukiomba "rekodi zote za mbunge wetu" umewapa sababu ya kukuuliza unamaanisha nini, na siku zinaendelea kuhesabika.