Uzoefu wangu: karatasi ya kivungulio ya maikroni 200, miaka mitatu kwenye jua la Bahati

Ni karatasi ya polithini, rangi ya maziwa, unene wa maikroni 200, yaani milimita 0.2. Ukingoni imeandikwa kuwa ina kinga ya miale ya jua na dhamana ya miaka mitatu. Imefunika kivungulio cha nyanya cha mita 8 kwa 15 huku Bahati, Nakuru, juu ya fremu ya mabomba ya chuma. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimemnyima muuzaji, si karatasi.

Anza na mizani. Mtu anaweza kukuuzia maikroni 150 kwa jina la 200 na jicho lisione tofauti, ila mizani ya jikoni itaiona. Polithini ya aina hii ina takribani gramu 0.92 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hivyo kipande cha sentimita 50 kwa 50 cha maikroni 200 kinafaa kufika gramu 46. Cha 150 kitasoma 34 na nusu hivi. Changu kilisoma 45, nikaridhika. Pima kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa kukata kipande, nenda duka la pili.

Ukitaka kuelewa inavyoharibika, angalia kwanza inavyotengenezwa. Polithini ni ethilini iliyounganishwa kuwa minyororo mirefu, na ethilini yenyewe ni gesi nyepesi tu ya kaboni mbili na haidrojeni nne. Mwezi wa Machi 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya kemikali ya ICI kule Winnington, Uingereza, waliibana gesi hiyo pamoja na benzaldihaidi kwa shinikizo la karibu angahewa 2,000 na joto la nyuzi 170, wakakuta kitu cheupe kama nta. Kurudia jaribio hilo kuliwashinda watu hadi 1935, ilipobainika kwamba oksijeni kidogo iliyopenya ndiyo ilikuwa ikiwasha mtambo, kwa namna ya kusema. Shinikizo husogeza molekuli zikabanana, lakini lazima kiwepo cha kufungua kifungo cha kwanza. Mwanga pia unaweza kazi hiyo: mwaka 2004 watafiti wa Florence, Italia, waliibana ethilini katikati ya almasi mbili, wakaimulika kwa leza, nayo ikageuka polithini bila kutiwa kianzishi chochote.

Ubaya ni kwamba mwanga unaojenga ndio pia unaobomoa. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 300, hubeba karibu kilojuli 399 kwa moli, ilhali kifungo cha kaboni kwa kaboni huvunjika kwa 350 hivi. Polithini safi haiinasi sana miale hiyo. Inayonasa ni mabaki ya oksijeni yaliyoingia kwenye minyororo plastiki ilipoyeyushwa kiwandani. Hapo huzaliwa radikali, yaani kipande cha molekuli chenye kifungo kilichoachwa wazi, inanyakua oksijeni ya hewani, inaupokonya mnyororo jirani haidrojeni, na jirani naye anaanza vurugu hiyo hiyo. Minyororo inakatika vipande, na karatasi iliyokuwa ikivutika inaanza kupasuka kama ganda la kitunguu. Nakuru tuko karibu na ikweta, tena mita 1,850 hivi juu ya bahari, kwa hivyo miale hii haichujwi sana kabla ya kutufikia.

Kinga iliyochanganywa kwenye karatasi nyingi ni kemikali ya jamii ya amini, inayozikamata radikali moja moja. Amini huuawa na asidi, na hapa ndipo wakulima wengi hujimaliza wenyewe. Dawa ya sulfuri ya kuzuia ubwiri, ikirushwa au kuchomwa ndani ya kivungulio, huacha mabaki yanayogeuka asidi kwenye karatasi. Klorini pia si rafiki: usioshe paa kwa dawa ya kung'arisha nguo, maji na sabuni ya kawaida yanatosha. Usifunike mabomba kwa vipande vya paipu za PVC ukidhani unaikinga karatasi, kwa maana PVC ikipata joto hutoa asidi yenye klorini.

Sasa matokeo. Nimekuwa nikikata utepe wa upana wa sentimita 1, natia alama mbili zilizoachana sentimita 5, kisha navuta polepole kwa mkono. Karatasi mpya ilifikisha alama hizo sentimita 21 kabla ya kukatika. Baada ya miaka mitatu, utepe wa katikati ya paa unafika 16, na hiyo si haba. Uliotoka juu ya bomba ulikatika kwenye 6 na nusu. Bomba la chuma saa saba mchana halishikiki, joto hilo linaharakisha uharibifu, na kutu inauchochea zaidi.

Dawa yake ni kupaka rangi nyeupe ya maji upande wa bomba unaogusana na karatasi, na kuiacha ikauke kabisa kwanza. Rangi ya mafuta usiguse. Karatasi itandikwe asubuhi jua likishapasha kidogo na kabla upepo haujaamka: ukiivuta kungali na baridi, mchana italegea na kupigapiga mabomba. Ibanwe kwa reli na waya wa zigizagi, si misumari, kwa sababu kila tundu ni mwanzo wa mpasuko.

Kuhusu muuzaji: karatasi ilipochanika kwenye bomba mwaka wa pili, alisema dhamana haihusu sehemu zinazogusa chuma. Masharti hayo yapo kweli, ila aliyatoa siku hiyo, si siku ya kununua. Yadai kwa maandishi mapema.

Paa lililobaki naliachia msimu mwingine. Utepe wa katikati ukishuka chini ya 13, yaani mvutiko umebaki nusu ya ule wa awali, nalishusha lote kabla ya mvua za Machi.